Kwa Nini Mgeni Hapati Usingizi

Karibu na kila kituo kikubwa cha mabasi nchini Tanzania, kuanzia Mwanza hadi Mtwara, zipo nyumba za kulala wageni. Wengi wanaolala humo si watalii. Yumo dereva wa basi ambaye kesho alfajiri atawabeba abiria zaidi ya hamsini. Yumo mama aliyemleta mtoto wake katika hospitali ya rufaa, na mwalimu anayefuatilia malimbikizo ya mshahara makao makuu ya mkoa, na kijana aliyeitwa kwenye usaili wa kazi. Kila mmoja wao amelipia hasa kitu kimoja, nacho ni usingizi. Asubuhi wengi huondoka bila ya kukipata, wakilaumu joto, au mbu, au jirani aliyefungulia redio, au ugeni wa mahali.

Hasara yake si uchovu peke yake. Mwaka 1997 watafiti wawili nchini Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walipima jinsi watu wanavyoweza kulinganisha jicho na mkono baada ya kukesha. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hutenda kazi sawasawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu yake, yaani kiwango ambacho katika nchi nyingi humzuia mtu kushika usukani. Dereva aliyegaagaa kitandani usiku kucha hukaguliwa leseni, matairi na breki. Chumba alicholala hakikaguliwi na mtu.

Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba malalamiko kuhusu ugeni wa mahali si ya kudhania tu. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wa usingizi wamejua kwamba mtu anayelala mahali papya hulala vibaya usiku wa kwanza kuliko usiku unaofuata, hata wakawa na desturi ya kutoyahesabu matokeo ya usiku huo katika majaribio yao. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walieleza sehemu ya sababu yake. Walipopima ubongo wa watu waliolala maabara kwa mara ya kwanza, waliona kuwa nusu ya kushoto ya ubongo hailali fofofo kama nusu ya kulia. Nusu hiyo hubaki kama mlinzi. Sauti ngeni ikipigwa, humwamsha mwenye nayo upesi zaidi. Walipolala humo mara ya pili tofauti hiyo haikuonekana tena.

Kwa hiyo mgeni huingia chumbani akiwa tayari na mlinzi kichwani mwake, na kila mlio wa usiku ule una nguvu juu yake kuliko ule ule angeusikia nyumbani kwake. Mwenye nyumba hawezi kuubadili ubongo wa mgeni. Anachoweza ni kuupunguzia mlinzi huyo kazi, na hapa ndipo fizikia ya kidato cha pili inapoanza kuwa na faida.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki kina tabia ya pekee: kila desibeli 10 zinazoongezeka, nguvu ya sauti huzidishwa mara kumi, desibeli 20 ni mara mia, na desibeli 30 ni mara elfu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1999 ilishauri kwamba kelele za kudumu katika chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, na mlio wa ghafla usizidi 45. Ukuta wa matofali ya saruji uliopigwa lipu pande zote mbili unaweza kuipunguza sauti kwa desibeli 40 na zaidi. Ukuta wa namna hiyo ungetosha kabisa kuizuia televisheni ya mapokezi. Mbona basi mgeni anaisikia taarifa ya habari neno kwa neno?

Jibu ni tundu. Chukua ukuta unaotazama ukumbi wa kupitia, wenye upana wa meta 3 na kimo cha meta 2.7. Eneo lake ni kama meta za mraba 8. Juu ya mlango, kama ilivyo desturi, imeachwa nafasi ya kupitisha hewa yenye upana wa sentimeta 80 na kimo cha sentimeta 10. Nafasi hiyo ni sehemu moja tu katika mia ya ukuta mzima. Lakini kwa kuwa sauti hupita hapo bila ya kizuizi, hata kama sehemu 99 zilizobaki zingejengwa kwa jiwe, moja katika mia ya sauti ingeingia ndani. Na moja katika mia, kama ilivyokwisha elezwa, ni upungufu wa desibeli 20 tu. Mazungumzo ya kelele ya desibeli 70 ukumbini hubaki desibeli 50 mtoni. Upenyo wa sentimeta moja chini ya mlango ni kama sehemu moja katika elfu, nao pekee hauruhusu ukuta kuvuka upungufu wa desibeli 30. Zulia kuukuu lililokunjwa na kupigiliwa chini ya mlango huleta nafuu kuliko tofali la pili ukutani.

Kuna kosa jingine la ujenzi lililoenea sana. Kuta za kutenganisha vyumba hukomea usawa wa dari, na juu ya dari nafasi ya paa huwa moja kwa nyumba nzima. Sauti hupanda kupitia ubao mwembamba wa dari, husafiri chini ya mabati, kisha hushuka chumba cha pili. Ndiyo maana mgeni wa chumba namba 4 humjua mgeni wa chumba namba 5 kwa kikohozi chake kabla hawajaonana uso kwa uso. Safu chache za matofali, zilizopandishwa hadi kwenye mabati wakati wa ujenzi, zingeyaondoa hayo.

Wageni wengi huapa pia kwamba honi na muziki wa mbali huzidi usiku. Hawakosei. Mchana hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto kuliko ya juu, na mawimbi ya sauti hupindwa kuelekea angani. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa upesi, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na sauti hupindwa kurudi chini. Klabu ya pombe isiyosikika saa kumi jioni inaweza kusikika vizuri saa sita usiku, ingawa haikuongeza sauti.

Baada ya kelele huja joto, ambalo kwa miji ya pwani ndilo adui mkubwa zaidi. Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na tena karibu ya tarehe 10 Oktoba. Katika siku za namna hiyo paa hupokea joto kuliko ukuta wowote. Nyumba nyingi mpya za wageni ni za ghorofa, na vyumba vya juu kabisa hufunikwa kwa zege tupu. Zege ni ghala la joto. Meta moja ya mraba ya zege lenye unene wa sentimeta 15 ina uzito wa kilo 360 hivi, na ikipoa kwa nyuzi 5 tu za Sentigredi hutoa jouli zaidi ya milioni moja na nusu. Chumba cha meta za mraba 12 kina akiba ya jouli kama milioni 19 juu ya kichwa cha mgeni. Hata kama nusu yake inapotelea angani, nusu inayobaki, ikiingia ndani kwa muda wa saa kumi, ni sawa na jiko la wati 260 lililoachwa likiwaka darini usiku kucha. Mgeni hufungua dirisha, hewa ikapoa kidogo, naye bado akahisi amechomwa. Kwa sababu joto hilo halimfikii kwa njia ya hewa bali kwa mnururisho, kama joto la jua au la makaa. Kupaka zege chokaa nyeupe kwa juu, au kulivika paa la mabati lenye nafasi ya kupita upepo, huzuia joto lisiingie ghalani tangu mwanzo.

Pangaboi nalo hulaumiwa bure. Pangaboi haliipozi hewa. Likizungushwa katika chumba kisicho na mtu, mota yake hukiongezea chumba joto, japo kidogo. Kazi yake ni kuondoa ile hewa yenye unyevu inayoganda mwilini, ili jasho likauke. Gramu moja ya jasho ikikauka huchukua jouli kama 2400 kutoka mwilini. Mtu aliyelala hutoa joto la wati 75 hivi, na ikiwa chumba ni moto kiasi cha kutoweza kulipokea joto hilo kwa njia nyingine, yampasa akaushe gramu 110 za jasho kila saa. Jasho linalotiririka shukani halihesabiki. Linalokauka ndilo linalopoza. Hivyo shuka la nailoni na godoro la sponji lililovikwa plastiki humwibia mgeni nusu ya mwili wake, kwa kuwa upande aliolalia haukauki kabisa.

Hapo huzuka ugomvi kati ya pangaboi na chandarua. Chandarua hupunguza sana mwendo wa hewa, na mgeni aliyechoka kwa joto hukifunga fundo akalala nje yake. Uamuzi huo ni wa hatari, kwani mbu aina ya Anofelesi, aenezaye malaria, huuma hasa usiku wa manane. Chandarua cha duara kinachoning'inia kutoka pete moja ndicho hupendwa na wenye nyumba kwa sababu ni rahisi kufunga, lakini humbana mlalaji hata mkono wake ukagusa wavu, na kama wavu haukutiwa dawa, mbu huuma kwa nje bila taabu. Chandarua cha pembe nne, kipana kuliko kitanda, pamoja na feni ya kusimama inayopuliza kutoka ubavuni, humaliza ugomvi huo kwa gharama ndogo. Kuhusu kunguni itoshe kusema kwamba hajulikani kueneza maradhi kwa binadamu, ila anaweza kukaa miezi kadhaa bila ya chakula, na kwamba hukaa katika nyufa za kitanda pia, si godoroni tu. Kulianika godoro juani na kukiacha kitanda ndani ni kazi ya bure.

Bafuni adha hugeuka kuwa hatari. Mwezi Julai 1976 wanachama wa chama cha askari wastaafu wa Marekani walikutana katika hoteli moja mjini Philadelphia. Ugonjwa wa mapafu uliozuka ukawapata watu 221, na 34 wakafariki. Mwaka uliofuata Joseph McDade aligundua bakteria aliyeusababisha, ambaye sasa huitwa Lejionela. Bakteria huyo hustawi katika maji yaliyotuama yenye joto kati ya nyuzi 20 na 45, na huingia mapafuni kwa njia ya matone madogo yanayoelea hewani. Tangi jeusi juu ya paa, lililopigwa na jua, hukaa katika kiwango hicho hicho. Chumba kisicholaliwa kwa majuma mawili kifunguliwe mabomba yake dakika kadhaa, dirisha likiwa wazi na mtu akiwa nje, kabla ya mgeni kukabidhiwa ufunguo.

Mikoa ya baridi, kama Njombe na Mbeya, ina kilio kingine: bomba la mvua lenye hita ya umeme ambalo halitoi maji ya moto. Mgeni hulifungua zaidi, na maji yakazidi kuwa baridi. Hesabu yake ni fupi. Kilo moja ya maji huhitaji jouli 4200 ili ipande kwa nyuzi moja. Hita ya kilowati 5 hutoa jouli 5000 kila sekunde. Maji yakipita lita 3 kwa dakika, hupanda kwa nyuzi 24, yaani kutoka 15 hadi 39, joto la kupendeza. Yakipita lita 6, hupanda nyuzi 12 tu, na mgeni hutetemeka. Umeme nao ukipungua kutoka volti 230 hadi 184, nguvu ya hita haipungui kwa sehemu tano ya mia mara nne, kama wengi wanavyodhani, bali hushuka hadi asilimia 64 ya ile ya kwanza, kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti.

Hita hiyo huvuta ampea 22. Taa ya wati 100 huvuta chini ya nusu ampea. Fundi anayeiunganisha hita na waya wa taa amezidisha mkondo mara hamsini, na kwa kuwa joto la waya hufuata mraba wa mkondo, amezidisha joto lake mara 2500. Plastiki ya waya huyeyuka ndani ya ukuta pasipo mtu kuona. Tena, pasipo waya wa ardhi, umeme unaovuja hutafuta njia kupitia mtu aliyesimama na maji miguuni. Swichi ya kinga, ambayo hukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde pindi mkondo unaovuja unapofikia miliampea 30, ni chombo kidogo cha kukaa katika ubao wa fyuzi. Mgeni anayehisi mwasho wa umeme vidoleni anapogusa bomba asilizoee. Afunge, avae, na aende kumwambia mwenye nyumba usiku ule ule, maana anayefuata kuoga huenda ni mtoto.

Wanafunzi wanaweza kuipima hita yoyote bila ya kugusa nyaya zake. Mahitaji ni ndoo ya lita 10, saa na kipimajoto. Pima joto la maji hita ikiwa imezimwa, kisha iwashe, kinga maji mpaka ndoo ijae, na uandike sekunde zilizopita pamoja na joto jipya. Zidisha 10 kwa 4200 kwa nyuzi zilizoongezeka, kisha gawanya kwa sekunde. Ndoo iliyojaa kwa sekunde 200 na kupanda nyuzi 24 hutoa wati 5040. Ikipatikana 3200, huenda tatizo liko kwenye volti.