Bekoni kwa Mwanafunzi Mwenye Familia: Mkeka, Mbeleko na Kikaango cha Jirani

Ukurasa huu wa mapishi umeshatufundisha pilau, mchicha wa nazi na namna ya kusonga ugali kwa unga wa dukani usiotaka kukaza. Leo naomba niingie na kitu ambacho baadhi yetu tunakila kimyakimya na wengine hawataki hata kusikia harufu yake, yaani bekoni. Wewe usiyekula nyama ya nguruwe usifunge gazeti. Nusu ya haya yanakuhusu kuliko yanavyomhusu anayekula, utaona mbele.

Mimi ni mtu wa uhandisi, si mpishi. Niliingia jikoni kwa lazima pale mama watoto alipopata kazi ya zamu za usiku, nikabaki na binti yetu wa miaka sita ambaye ukimuuliza atakula nini anajibu "si wali". Shuleni wenzake wanasimulia mikate ya bekoni, naye akataka. Kwetu Moshi nyama ya nguruwe si ngeni. Tumekua tukiila ya kuchoma na ndizi, kitimoto kama wanavyosema Dar, au mdudu kwa wale wenye haya. Lakini bekoni ni mambo mengine kabisa. Siku ya kwanza nilipoitia kwenye kikaango cha moto ilitoa maji meupe, ikajikunja kama jani kavu, kisha ikaungua. Kengele ya moshi ikalia na jengo zima tukatoka nje usiku, watu wamejifunga taulo. Nadhani baadhi yenu mlikuwepo. Samahanini.

Baada ya aibu ile nikaamua kulichunguza jambo hili kama ninavyochunguza mambo ya maabara.

Bekoni ni nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi. Akili yake ni ileile ya papa mkavu au ng'onda: chumvi inavuta maji kutoka kwenye nyama na bakteria wanakosa pa kuishi. Zamani walichanganya na shura, siku hizi ni naitraiti ya sodiamu, ile inayoandikwa E250 kwenye paketi. Hiyo ndiyo inayozuia bakteria wa sumu ya botulizimu, na ndiyo inayoifanya nyama ibaki na rangi ya waridi hata ikiiva. Waingereza wana historia ndefu na kitu hiki. Katika mji wa Calne, Wiltshire, familia ya Harris ilijenga biashara kubwa ya bekoni katika karne ya 19, na mpaka leo bekoni iliyoloweshwa kwenye maji ya chumvi inauzwa kwa jina la Wiltshire.

Dukani utakuta aina mbili kubwa. Ya mgongoni ni pana, ina nyama nyingi na mafuta pembeni tu, na ndiyo Waingereza wanayoitia kwenye mkate asubuhi. Ya tumboni ni mikanda mirefu myembamba yenye mistari ya nyama na mafuta, na hiyo ndiyo wenzetu walioko Marekani wanaiita bekoni bila kuongeza neno. Kwa michezo ya watoto nitakayoieleza hapa nunua ya tumboni. Ile ya mgongoni haikubali kukunjwa wala kusukwa.

Sasa yale maji meupe. Bekoni nyingi za bei ya chini zimedungwa maji ya chumvi ili kazi iende haraka, na maji hayo yana uzito unaoulipia. Yakiingia kwenye kikaango yanatoka pamoja na protini, ndiyo ule ute mweupe. Na hapa ndipo fizikia inaponoga. Maji yakiwepo, nyama haipandi sana kupita nyuzi 100, kwa sababu joto lote linaishia kuyageuza kuwa mvuke. Ile rangi ya kahawia na ile harufu inayomtoa mtu kitandani huanza kuja vizuri kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo wewe unasubiri, nyama inachemka tu, unakosa subira, unaongeza moto, maji yanaisha ghafla, na kabla hujageuka imeshaungua. Dawa yake ni kuanza na kikaango baridi. Panga mikanda, washa moto mdogo, acha mafuta yayeyuke polepole. Yakishatoka, nyama inajikaanga yenyewe na huhitaji hata tone la mafuta ya chupa.

Au, na hii ndiyo ninayoipenda, tumia oveni. Nyuzi 200, karatasi ya kuokea juu ya trei, dakika 15 hadi 20. Moshi ni mdogo, mafuta hayakurukii mkononi, na kengele inalala. Ila jua kwamba bekoni inasinyaa sana. Maji na mafuta yakitoka, uzito unaweza kushuka hadi nusu au chini ya hapo, kwa hiyo usipimie macho kwa kilichoko kwenye paketi.

Tuje kwenye mchezo. Binti yangu ana wa kwake anaouita mkeka. Chukua mikanda mitatu ya tumboni, ikate kila mmoja katikati, upate vipande sita. Vitatu vilaze wima, vitatu visuke kwa kupitisha juu, chini, juu, kama bibi anavyosuka ukili. Unapata kimkeka kinachotosha kipande kimoja cha mkate. Kiweke kwenye karatasi ya kuokea, funika kwa karatasi nyingine, kandamiza kwa trei ya pili ili kisijikunje, kisha oveni. Uzuri wake si wa macho tu. Mikanda ikikaangwa mmojammoja, ukiung'ata mkate mkanda mzima unakufuata na mkate unabaki mtupu. Mkeka unakatika pale ulipouma. Mtoto wa miaka sita anausuka bila taabu, ila hakikisha anaosha mikono kwa sabuni kabla hajagusa kitu kingine, maana nyama bado ni mbichi, na ubao huo usikatie kachumbari.

Wa pili ni ndizi kwenye mbeleko. Waingereza wakati wa Krismasi wanafunga soseji ndogo ndani ya bekoni na kuziita nguruwe kwenye blanketi. Binti alipoambiwa hivyo shuleni akarudi anauliza kwa nini sisi hatuna. Basi tukachukua ndizi mzuzu zilizoiva, zile zenye ganda jeusi zinazopatikana kwenye maduka ya Waafrika na Wakaribi, tukakata vipande vya urefu wa kidole, kila kimoja tukakizungushia nusu mkanda na kukichoma kijiti cha meno. Nyuzi 200, dakika 20, geuza mara moja katikati. Utamu wa ndizi na chumvi ya bekoni vinapatana ajabu, jamani jaribuni. Binti anasema ni watoto wamebebwa mgongoni, na anawahesabu kabla ya kuwala. Vijiti vitoe mwenyewe kabla sahani haijafika mezani.

Siku za haraka tunafanya rolex. Wenzetu wa Uganda hawahitaji maelezo, wale mliopita Wandegeya mkitoka Makerere mnajua. Kwa wengine: ni chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga yenye kabichi, nyanya na kitunguu, na jina linatokana na Kiingereza cha mayai ya kuviringisha kikitamkwa harakaharaka. Kaanga mkanda mmoja uliokatwakatwa, mimina mayai yaliyopigwa juu yake humohumo, laza chapati juu, geuza, viringisha. Usitie chumvi kwenye mayai. Narudia, usitie. Mkanda mmoja unatosha watu wawili, na chapati za dukani zilizogandishwa zinakubalika, ingawa mama yangu asisikie nimeandika hivi.

Na hapa kwenye chapati ndipo nilipokosea.

Ghorofa ya chini yetu anaishi dada mmoja wa Unguja anayesoma uzamili, na mwanawe yuko darasa moja na binti yangu. Yeye ndiye aliyetuazima kikaango chake cha chapati, kizito cha chuma, alichokuja nacho kwenye begi kutoka nyumbani. Kilikaa kwetu wiki mbili. Asubuhi moja, usingizi machoni, binti analia njaa, nikashika kikaango kilichokuwa karibu na kutia bekoni. Nilipogundua, mayai yalikuwa yameshaiva.

Nisiwafiche, wazo la kwanza lilikuwa kukisugua vizuri na kukirudisha. Kikaango cha chuma kikisuguliwa kinang'aa, nani angejua? Lakini huyu mtu anampikia mwanangu siku ambazo nina maabara. Jioni nikashuka kumwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shemeji, ahsante kwa kuniambia. Ungeninyamazia ningekula na wanangu bila kujua."

Nikamwambia nitakiosha kwa sabuni na maji ya moto. Akanielimisha. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, nguruwe ni najisi nzito. Chombo kilichoguswa naye huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kwa hiyo ule usemi wetu wa "nimekiosha, kiko safi" una maana moja kwangu na nyingine kwake. Mwenyewe alisema angeweza kukitohara, ila roho yake isingekaa sawa. Nilimnunulia kingine. Si kizuri kama kile, na chapati zake za miezi miwili ya kwanza zilishika, nami kila nilipozila nilijua ni kwa sababu yangu.

Toka siku hiyo kwetu kuna kikaango, koleo, ubao na trei vyenye alama ya utepe mwekundu, na havitoki ndani ya flati. Kwa ninyi mnaotumia jiko la pamoja nashauri hivyohivyo: vyombo vyako vya nguruwe viwe vyako, sponji yako pia, na kwenye friji nyama ikae rafu ya chini ndani ya boksi lenye kifuniko. Kwenye shughuli za jumuiya msilete kabisa. Si Waislamu peke yao. Wasabato hawali nguruwe, na wenzetu wa Orthodoksi ya Ethiopia vilevile. Sahani moja ya ndizi kwenye mbeleko ikiwekwa katikati ya meza bila maelezo, nusu ya ukumbi wataogopa meza nzima.

Kuna bekoni ya bata mzinga na ya ng'ombe kwenye maduka ya halali, na si mbaya. Ya bata mzinga haina mafuta ya kutosha kujikaanga, kwa hiyo ipake mafuta ya kupikia kidogo na uipunguzie muda, vinginevyo inakuwa ngozi ya kiatu. Ya ng'ombe ina ladha nzito na inakubali rolex kuliko zote. Wapishi wa jumuiya mnaotaka chakula kimoja cha watu wote, chukueni hiyo.

Afya nayo tuiseme. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka nyama zilizosindikwa, bekoni ikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Makadirio yao ni kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Sisemi tuogope, nasema isiwe ya kila siku. Kwa watoto mimi naogopa zaidi chumvi. Ushauri wa afya hapa Uingereza ni kwamba mtoto wa miaka minne hadi sita asizidi gramu 3 za chumvi kwa siku, na vipande viwili vya mgongoni vinaweza kufika nusu ya hizo peke yake. Kwetu ni Jumamosi tu, na mkeka mmoja.

Mafuta yanayobaki kwenye trei usiyamwage kwenye sinki, nakusihi kama mhandisi. Yanaganda kwenye mabomba. Mwaka 2017 chini ya mtaa wa Whitechapel, London, walikuta bonge la mafuta na takataka lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi. Yachuje kwenye chupa ya kioo, weka friji, kaangia kabichi. Na ukiona paketi za vipande vilivyokatika ovyo, zile za bei ya chini kabisa, beba, zinafaa sana kwenye maharage.

Jumamosi iliyopita mtoto wa chini alipanda na trei yake, karatasi yake na bekoni ya bata mzinga kutoka kwa mama yake. Wakasuka mikeka, yeye meza ya dirishani, binti yangu meza ya jikoni, kisha yeye akashuka kuoka kwao. Walipokutana kulinganisha, mkeka wa bata mzinga ulikuwa karibu ukubwa uleule aliousuka, na wa binti yangu umesinyaa. Nikamweleza kuhusu mafuta na maji. Hakutaka kusikia. Anasema wiki ijayo atasuka kwa mikanda minane.