Mashine Ikiwaka Upya, Huanza na Thamani Zipi? Funzo la Wodini kutoka katika Msimbo wa Lugha ya C

Kwa miaka mingi mji wa Kigoma ulipata umeme wake kutoka katika jenereta za dizeli za TANESCO. Sisi tuliofanya kazi katika wodi za mwambao wa Ziwa Tanganyika tulizoea kuhesabu sekunde kati ya giza na mwanga. Tulifurahi mashine zilipowaka tena. Ni mara chache tulijiuliza zimewaka na mipangilio ipi.

Usiku mmoja, katika kituo kimoja cha mwambao, nilikuwa namhudumia mtoto wa miezi minane mwenye nimonia kali. Mama yake alikuwa amemleta kwa boti kutoka kijiji cha kaskazini. Mtoto alikuwa akipewa oksijeni, na monita ilikuwa imepangwa kwa umri wake: ipige kengele oksijeni ya damu ikishuka chini ya asilimia 90. Umeme ukakatika, kisha ukarudi. Monita iliwaka ikiwa na mipangilio ya mtu mzima. Mapigo ya moyo 150 kwa dakika, ambayo si ya ajabu kwa mtoto wa umri huo mwenye homa, yalizidi kikomo cha mtu mzima. Kengele ikalia bila kukoma. Muuguzi, aliyekuwa peke yake zamu ile, alimtazama mtoto, akaona amelala, akainyamazisha.

Baadaye kidogo mama aliniita: “Dokta, mbona midomo ya mtoto imebadilika rangi?” Mrija wa oksijeni ulikuwa umechomoka gizani. Tuliurudisha, na mtoto akapona. Lakini aliyegundua hatari ni mama, si mashine. Simlaumu muuguzi. Alinyamazisha kengele iliyokuwa ikisema uongo, na kwa kufanya hivyo akainyamazisha hata pale ilipokuwa na ukweli wa kusema.

Muundo na sehemu zake

Vifaa vingi vya tiba huendeshwa na programu zilizoandikwa kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika lugha hiyo, taarifa zinazohusiana hukusanywa pamoja katika kitu kiitwacho muundo. Ufananishe na kadi ya mgonjwa yenye nafasi za kujazwa: aina ya mgonjwa, kikomo cha chini cha oksijeni, kikomo cha juu cha mapigo, muda wa kunyamazisha kengele. Swali la usalama ni hili: kabla ya mtu kuijaza kadi hiyo, ndani yake mna nini?

Nililielewa swali hilo vizuri zaidi mwanafunzi mmoja wa teknolojia ya vifaa tiba aliponiletea programu yake ndogo. Ilikusudiwa kusoma oksijeni ya wagonjwa vitandani na kuwasha taa mezani kwa muuguzi. Tuliichapisha kwenye karatasi, nikamwomba anisomee mstari kwa mstari, kama tunavyohakiki maagizo ya dawa. Tulikuta mambo matatu.

La kwanza, alikuwa amejaza aina ya mgonjwa na kikomo cha mapigo, akaacha kikomo cha oksijeni akijazie baadaye. Kwa kanuni ya C, ukijaza sehemu chache za muundo wakati wa kuutangaza, zilizobaki huwekewa sifuri. Sifuri huonekana kama kitu kisicho na madhara. Lakini hapa maana yake ni “washa taa oksijeni ikishuka chini ya asilimia 0”, na hakuna binadamu atakayefika huko. Taa isingewaka kamwe.

La pili, mahali pengine muundo ulitangazwa ndani ya kazi ndogo ya programu bila kupewa thamani yoyote. Hapo hata sifuri haina uhakika: muundo hubeba mabaki yoyote yaliyokuwemo katika kumbukumbu, kama ubao ambao haukufutwa. Programu ya namna hiyo inaweza kufaulu siku ya majaribio na kupotoka siku ya kazi.

La tatu lilihusu mfuatano. Programu ilisoma kwanza mipangilio iliyohifadhiwa na muuguzi, kisha ikaita sehemu inayoweka thamani za kiwandani. Kila mstari ulikuwa sahihi, ila mpangilio wao ulikuwa kinyume: kila umeme uliporudi, mtoto aligeuzwa kuwa mtu mzima. Niliposikia hivyo, nilikumbuka usiku ule.

Mfuatano tuliokubaliana ni huu: weka kwanza thamani salama katika kila nafasi, soma zilizohifadhiwa, hakiki kwamba zinakubalika kwa binadamu, ndipo uanze kufuatilia. Tangu kanuni za C za mwaka 1999, mwandishi anaweza pia kuitaja kila sehemu kwa jina anapoijaza, hivyo msomaji huona upesi iliyoachwa.

Hata hivyo, monita nyingi hutengenezwa makusudi zirejee katika mipangilio ya kiwandani umeme ukikatika kwa muda mrefu, ili mgonjwa mpya asirithi ya aliyetangulia. Kurejea huko si kosa. Kosa ni kurejea kimyakimya, bila kumwuliza mhudumu: “Mgonjwa huyu ni mtoto au mtu mzima?”

Funzo lililogharimu maisha

Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi iliyozidi mno, na baadhi yao walikufa. Programu yake haikuandikwa kwa C, lakini kosa lake mojawapo ni ndugu wa haya. Alama iliyopaswa kuwekewa thamani isiyo sifuri, kumaanisha “kagua kwanza”, iliongezwa moja kila mara badala ya kuwekwa upya. Nafasi yake haikuweza kubeba zaidi ya 255. Mara ya 256 ilirudi sifuri, na ukaguzi ukarukwa. Marekebisho yake yalikuwa mepesi: kuipa alama hiyo thamani maalumu badala ya kuiongeza.

Tufanye nini?

Mtoa huduma, umeme ukirudi, anza na mgonjwa: tazama midomo, hesabu pumzi, fuata mrija kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha hakiki aina ya mgonjwa, vikomo vya kengele, na saa ya mashine. Kengele ikilia bila sababu, tafuta kikomo chake kabla ya kuinyamazisha. Ukipokea zamu au mgonjwa mpya, soma mipangilio kwa sauti pamoja na mwenzako.

Nawe mgonjwa unayepima sukari nyumbani, ukibadilisha betri au ukianza kutumia kipimo kipya, angalia tarehe na kizio kabla ya namba. Namba 126 katika miligramu kwa desilita ni sawa na 7.0 katika milimoli kwa lita. Lakini 12.6 katika milimoli kwa lita ni karibu 227 katika miligramu. Asiyeiona nukta hiyo anaweza kudhani sukari yake iko karibu na kawaida, kumbe imepanda sana.

Mwanafunzi yule alirekebisha programu yake kabla haijafika kitandani kwa mgonjwa yeyote. Sasa kifaa chake kikiwaka hakianzi kazi mpaka mhudumu ataje umri wa mgonjwa. Huchukua sekunde chache tu, na mama wa mtoto hana tena sababu ya kuwa ndiye kengele pekee wodini.