Mbele ya kukopa NPK, uliza kwanza udongo

Kila musimu A, mwezi wa 9 ukifika, swali ni lilelile katika koperative zetu: "Agronome, nilikopa, nikaweka NPK, mbona maharagi imebakia mafupi na ya njano?" Franga imekwisha, deni imebaki.

Mara nyingi kosa si ya mbegu. Udongo iko na asidi. Karibu na Goma, udongo wa volkano ya Nyiragongo bado ni kijana. Lakini kwenye milima ya zamani, kama upande wa Lubero na Walikale, mvua imeosha udongo kwa miaka mingi sana na kuondoa chokaa yake ya asili. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu inayeyuka na kuharibu mizizi. Tena fosfori uliyonunua inashikwa na udongo, mmea haiipate.

Ili kujua, ng'oa polepole shina moja la maharagi wakati wa maua. Tafuta vifundo vidogo kwenye mizizi, pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kinaleta azoti muzuri. Kama vifundo ni vichache, ao ndani ni vyeupe, shamba linakuonya. Hapo omba koperative ipime pH.

Kwa kipande cha mita 10 kwa 10, fanya hivi:

Wiki 3 mbele ya kupanda, mwaga kilo 10 za majivu ya kuni, makavu na yaliyopoa, kisha lima uyachanganye na udongo. Majivu yanapunguza asidi. Majivu ya takataka na plastiki usitumie.

Wiki 2 nyuma yake, weka kilo 200 za komposti ao samadi iliyooza, ile tunaita fumie: ni beseni 10 za kilo 20. Inalisha mmea na inashika ile aluminiamu mbaya.

Familia nyingi zimerudi kutoka kambi bila ng'ombe hata mmoja. Kwao kuna titonia, ile yenye maua ya njano kando ya barabara. Kata majani na matawi laini, katakata, fukia wiki 2 mbele ya kupanda. Majani yake yana azoti na potasi nyingi.

Angalisho mbili. Usichanganye majivu na samadi mbichi: azoti inatoroka hewani, ndiyo ile harufu kali unayosikia. Na pahali utapanda birayi, acha majivu, kwani yanaweza kuleta ukoko kwenye ngozi yake.

Mama, baba, usianze na shamba nzima. Gawanya kipande mara mbili: upande moja tengeneza, ingine acha vile iko. Siku ya kuvuna, pima kila upande kwa kilo na uleteeni koperative hesabu. Mkopo wa mbolea tuujadili nyuma ya hapo, mizani ikiwa mezani.