Wajukuu Mtoni Ruvuma

Uwanda wa Makonde hauna mto. Mvua hunywewa na udongo wa kichanga na kutokea chini kabisa, mabondeni, ndiyo maana zamani wanawake wa Newala walishuka mteremko mkali kufuata maji. Mtoto aliyekulia juu huko hupanda mtumbwi kwa mara ya kwanza pale babu au bibi anapompeleka Mto Ruvuma.

Safari huanzia Shimo la Mungu, ukingoni mwa Newala, ambako bonde lote la mto huonekana hadi Msumbiji. Wanaotoka Masasi huweza kwenda Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja linalovuka mto huo, lililofunguliwa mwaka 2010.

Kiangazi maji hupungua na mafungu ya mchanga hujitokeza. Mtumbwi huenda kwa upondo, pole pole. Masika mto hujaa na mkondo huwa mkali, hivyo si wakati wa kupeleka watoto. Mamba na viboko wamo mwaka mzima. Watoto wakae chini, katikati ya mtumbwi, wasitumbukize mikono majini, na nahodha awe mwenyeji anayeujua mto. Jaketi la kuokolea maisha ni lazima kwa kila mtoto, hata anayejua kuogelea.