Umeme wa Land Cruiser Kuukuu katika Joto la Mandera

Gari la Toyota Land Cruiser la mfululizo wa 70, lililoanza kuuzwa mwaka 1984 na ambalo hadi leo huonekana sana katika barabara za Garissa, Wajir na Mandera likiwa ambulensi, gari la polisi au pikapu ya abiria na mizigo, lina mfumo wa umeme wenye vipande vichache na unaoeleweka kwa urahisi. Magari ya mfululizo huu yaliyotiwa injini ya dizeli ya 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, hayana kompyuta ya kupima mafuta, kwa kuwa pampu huzungushwa na injini yenyewe na dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda, pasipo cheche. Umeme huhitajika kwa stata, yaani mota inayoizungusha injini mpaka iwake, kwa plagi za kupasha silinda joto, ambazo Mandera hazina kazi kubwa, na kwa vali ndogo ya sumaku inayofungua njia ya mafuta ufunguo unapozungushwa. Kwa sababu hiyo mwenye gari asiyesomea ufundi anaweza kuutunza umeme wake kwa mkono wake, mradi awe na mita ya kupimia volti na ajue anachokipima.

Haja ya kujua hayo hutokana na mahali penyewe. Mandera, mji ulio kando ya Mto Daua pale Kenya inapokutana na Ethiopia na Somalia, uko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Nairobi, na kati ya Wajir, El Wak, Rhamu na Mandera dereva anaweza kulala njiani. Gari hapo huwa nyumba: hutoa mwanga wa kupikia, huchaji simu, na pengine hubeba friji ndogo ya dawa au ya chakula. Ulaya gari la namna hiyo huwekewa vitanda na jiko na kuitwa gari la kupigia kambi, lakini mahitaji yake ya umeme ni yale yale, na yote huanzia kwenye betri.

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika. Ndani ya sanduku lake mna seli 6, kila moja ikitoa takribani volti 2.1, na katika kila seli bamba za risasi na bamba za oksidi ya risasi zimezama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Umeme unapotumika, asidi huungana na bamba na kuzigeuza uso kuwa salfeti ya risasi. Chaji inaporudi, salfeti huyeyuka na asidi hurejea majini. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikishuka chini ya 12 imekaribia kwisha. Ikiachwa katika hali hiyo kwa majuma, salfeti hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena, na sehemu hiyo ya betri huwa imepotea.

Wengi hudhani betri hufa kwa kukosa chaji, lakini katika joto la Mandera chaji iliyozidi inastahili kushukiwa kwanza. Mchana wa Februari na Machi joto la hewa hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na chini ya boneti, karibu na injini iliyotoka kupanda mchanga kwa gia ndogo, huwa kali zaidi. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila ongezeko la nyuzi 10 hivi juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa karibu nusu, kwa maana joto huharakisha kutu ya bamba na uchakavu wote wa kikemia. Tena betri yenye joto huhitaji volti ndogo zaidi ili kuchajiwa: kwa betri ya volti 12 punguzo ni takribani volti 0.5 kwa kila nyuzi 20. Altaneta, yaani mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuzalisha umeme, hutoa volti kati ya 13.8 na 14.4 ikiwa kidhibiti chake ni kizima. Kidhibiti kilichochakaa kikiruhusu volti 15, umeme uliozidi huyavunja maji ya betri kuwa hidrojeni na oksijeni, kina cha maji hushuka, bamba huachwa wazi, na mwenye gari hununua betri mpya itakayouawa na ugonjwa ule ule. Kipimo cha kulibaini jambo hili huchukua dakika moja: injini ikinguruma kwa kasi ya wastani, mita huwekwa kwenye nguzo mbili za betri, na namba ikipita 14.8 kidhibiti hubadilishwa kabla ya betri kununuliwa.

Betri inayofunguka vifuniko huongezewa maji yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa, yanayouzwa madukani kama maji ya betri, wala haiongezewi asidi, kwa sababu kinachopotea ni maji. Maji ya kisima, hasa katika nchi ambayo visima vyake vingi vina chumvi, huingiza kloridi na chuma ndani ya seli, navyo huila betri chaji yake hata gari likiwa limesimama. Unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye nguzo huondolewa kwa maji yenye magadi kidogo, kwani magadi huiua asidi, ila vifuniko lazima viwe vimefungwa ili yasiingie ndani. Hidrojeni iliyokusanyika huweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa, kwa hiyo sigara na cheche hukaa mbali, na waya wa hasi hufunguliwa wa kwanza na kufungwa wa mwisho, ili spana ikigusa bodi isisababishe shoti.

Hata hivyo magari mengi yanayokataa kuwaka yana betri nzima. Tatizo hukaa kwenye njia ya kurudia. Katika gari, waya hupeleka umeme kwenye taa au stata, na chuma cha bodi huurudisha kwenye nguzo hasi. Lakini injini imekalia mipira inayozuia mtikisiko, na mpira haupitishi umeme, hivyo injini na bodi huunganishwa kwa waya mnene uliosukwa. Waya huo ukishika kutu na vumbi kwenye bolti yake, stata inayotaka zaidi ya ampea 200 hupata mkondo hafifu na kutoa mlio wa "tak" tu. Ili kuligundua hilo, mita huwekwa ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu wa pili hupiga stata. Muungano mzuri huonyesha sehemu ndogo ya volti, na kinachozidi 0.5 ni umeme unaopotea katika kutu. Tiba ni karatasi ya msasa, bolti iliyokazwa, na grisi juu yake kuzuia unyevu. Ni jambo la kusikitisha kwamba stata nzima hufunguliwa na kubadilishwa kwa kasoro ambayo msasa ungeimaliza.

Hasara ya namna hiyo hutokea pia ndani ya waya mwembamba. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 unaokwenda mita 5 na kurudi mita 5 huwa na ukinzani wa omu 0.115, na ukibeba ampea 10 hupoteza volti 1.15, karibu sehemu ya kumi ya umeme wote. Kwa taa za mbele za balbu, upungufu huo hula kama theluthi moja ya mwanga, kwa sababu mwanga wa balbu hushuka kwa haraka kuliko volti. Na anayejua njia ya El Wak usiku, ambako ngamia huvuka bila onyo, anaelewa thamani ya theluthi hiyo. Dawa yake ni waya mnene pamoja na rilei, ambayo ni swichi inayofungwa na sumaku-umeme ndogo, ili mkondo mkubwa utoke betri moja kwa moja hadi kwenye taa bila kupitia swichi kuukuu ya usukani.

Kila waya unaotoka betri huhitaji fyuzi karibu kabisa na nguzo. Fyuzi huchaguliwa kwa unene wa waya inaoulinda, na ile ya rangi nyekundu ni ya ampea 10, ya buluu 15, ya manjano 20. Mtu anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyoungua ameamua kwamba gari liungue badala yake.

Friji ndogo ya volti 12 huvuta takribani ampea 5 kompresa inapofanya kazi, na ikifanya kazi nusu ya muda, usiku wa saa 10 humaliza ampea-saa 25. Ikitegemea betri ya stata, asubuhi gari huweza kukataa kuwaka. Ndiyo maana hufungwa betri ya pili, ikiunganishwa na ya kwanza kwa rilei inayofunga altaneta inapochaji na kufunguka injini inapozimwa. Betri hiyo hufungwa kwa vyuma imara, kwa kuwa mtikisiko wa barabara yenye matuta huzing'oa chembe za bamba, nazo hukusanyika chini na kuzigusanisha bamba.

Jua hulipa deni lililobaki. Kaunti ya Garissa ina kituo cha umeme wa jua cha megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019, na paneli moja ya wati 100 juu ya paa la gari hutoa ampea 5 hivi jua likiwa kali, kiasi ambacho kwa siku nzima hukaribia kile friji ilichotumia usiku. Paneli huwa na volti 20 au zaidi isipobebeshwa mzigo, kwa hiyo haiungwi kwenye betri bila kidhibiti chake.

Betri iliyokwisha kabisa bado ina kilo kadhaa za risasi, sumu inayoharibu ubongo wa watoto. Mwaka 2015 Phyllis Omido alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman kwa kupigana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichowadhuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa. Betri kama hiyo husafirishwa ikiwa imesimama wima na asidi yake ikiwa ndani, na hupewa mnunuzi mwenye leseni. Haivunjwi uani, na asidi yake haimwagwi karibu na kisima wala pale mbuzi wanapolisha.