Mkojo unapovuja baada ya upasuaji: Tatizo nadra lisilofaa kufichwa

MWANAMKE aliyejifungua kwa upasuaji hurejea nyumbani akitarajia maumivu ya kidonda na uchovu wa kumlea mtoto mchanga. Hatarajii kuamka siku ya saba au ya kumi akiwa amelowa mkojo bila kuhisi haja yoyote.

Katika maeneo ya chai ya Kericho na Bomet, kama kwingineko nchini, mama wa aina hiyo huenda akaambiwa na majirani kuwa hiyo ni hali ya kawaida ya wazazi, na kwamba itakwisha yenyewe. Naye kwa aibu hujifunga kitambaa na kunyamaza.

Kimya hicho humgharimu sana, kwani siku hizo za mwanzo ndizo ambazo tiba yake ni rahisi kuliko wakati mwingine wowote.

Wakenya wengi wamesikia habari za nasuri, au fistula, ambayo ni tundu kati ya kibofu cha mkojo na uke. Kwa kawaida huhusishwa na uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu bila msaada, ambapo kichwa cha mtoto hubana nyama za mama dhidi ya mfupa wa nyonga hadi zikafa. Isiyozungumzwa sana ni nasuri inayotokana na upasuaji wenyewe.

Mnamo 2014, Dkt Thomas Raassen, mpasuaji kutoka Uholanzi aliyewatibu wagonjwa wa nasuri Afrika Mashariki kwa miaka mingi, alichapisha pamoja na wenzake uchunguzi wa rekodi za wanawake 5,959 waliotibiwa katika nchi 11 kati ya 1994 na 2012. Wanawake 805 miongoni mwao, zaidi ya asilimia 13, walikuwa wameumizwa wakati wa upasuaji. Wanne katika kila watano wa kundi hilo waliumia katika upasuaji unaohusu uzazi, na waliosalia katika upasuaji mwingine wa viungo vya kike, kama kuondolewa mfuko wa uzazi.

Hilo halina maana kwamba mama akatae kisu. Upasuaji wa kujifungua huokoa maisha, na kibofu hujeruhiwa kwa nadra sana, chini ya mara moja katika kila mia. Hata hivyo, upasuaji huo unaongezeka. Takwimu za kitaifa za afya zilionyesha kuwa asilimia 9 ya watoto nchini walizaliwa kwa njia hiyo katika utafiti wa 2014, na ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 17. Jambo lililo nadra huongezeka idadi pale linapopata nafasi nyingi zaidi za kutokea.

Sababu iko katika maumbile. Kibofu kimelala mbele ya mfuko wa uzazi, na daktari hulazimika kukisukuma chini kabla ya kukata. Mama aliyewahi kupasuliwa mara moja au mbili, kovu huwa limekigandisha kibofu hapo, na kukibandua huhitaji mkono mtulivu. Tena iko mirija miwili myembamba inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Hiyo hupita chini ya mshipa wa damu wa mfuko wa uzazi, na wanafunzi wa udaktari hufundishwa kuikumbuka kwa msemo wa maji yapitayo chini ya daraja. Damu inapomwagika kwa wingi usiku wa manane, na mpasuaji akaharakisha kuufunga mshipa, daraja na maji huweza kufungwa pamoja.

Namna mkojo unavyovuja hueleza mengi. Ikiwa unatiririka mchana na usiku na mama haendi haja ndogo kabisa, yamkini tundu liko kwenye kibofu. Ikiwa anavuja na bado anakwenda haja kama kawaida, huenda mrija mmoja umekatwa ilhali figo la pili linaendelea kujaza kibofu. Mgonjwa wa aina hii ya pili hurudishwa nyumbani kwa urahisi, kwa kuwa mhudumu humwona akikojoa na kudhani hana tatizo.

Kipimo cha kutofautisha hali hizo mbili si cha gharama kubwa. Pamba huwekwa ukeni, kisha kibofu hujazwa maji yenye rangi ya buluu kupitia mpira wa mkojo. Pamba ikitoka na buluu, tundu ni la kibofu. Ikitoka imelowa lakini haina rangi, mrija ndio unaoshukiwa, na picha ya figo huhitajika.

Ipo hali nyingine nadra zaidi, iliyoelezwa mwaka 1957 na Dkt Abdel Fattah Youssef wa Misri. Baada ya upasuaji wa kujifungua, tundu hutokea kati ya kibofu na mfuko wa uzazi. Mwanamke havuji mkojo. Bali hedhi yake haionekani tena njia ya kawaida, na kila mwezi mkojo wake huwa na damu. Mtu anaweza kutibiwa maambukizi ya mkojo mara nyingi kabla ya yeyote kumwuliza juu ya tarehe zake.

Tundu dogo la kibofu likigunduliwa mapema, kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa kwaweza kutosha, kwani kibofu kisichojaa hupata nafasi ya kujifunga chenyewe. Likichelewa, hushonwa. Homa yenye maumivu ya ubavuni, au kutopata mkojo kabisa baada ya upasuaji, ni dharura ya siku hiyohiyo, maana mrija huenda umefungwa na figo linaharibika.

Kushonwa nako kuna matatizo yake, na la kuchungwa zaidi ni mpira kuziba. Mfuko ukikaa mkavu, tumbo la chini likauma na shuka zikalowa, kibofu kimejaa na nyuzi zinavutwa. Muuguzi aitwe papo hapo, asingoje zamu ya asubuhi. Mama anywe maji mengi mpaka mkojo uwe mweupe. Anayesafiri na mpira kwa matatu kutoka Litein au Longisa ahakikishe haukukunjwa wala kukaliwa, na mfuko uwe chini ya kiuno.

Zamani wengi walikaa na mpira kwa siku 14. Utafiti uliohusisha wanawake 524 katika nchi nane za Afrika, Kenya ikiwemo, uliochapishwa 2015, ulionyesha kuwa siku saba zinatosha kwa tundu la kawaida. Shirika la Afya Duniani likapendekeza siku saba hadi kumi mnamo 2018. Kwa mchuma chai anayelipwa kwa kilo, juma moja si jambo dogo.

Baadhi ya waliofungwa tundu kikamilifu huendelea kutokwa na mkojo wanapokohoa au kuinua mzigo, kwa sababu misuli ya njia ya mkojo imelegea. Hiyo haimaanishi kwamba nyuzi zimeachia, na mazoezi ya misuli ya nyonga huwasaidia wengi. Kikapu cha majani mabichi mgongoni, kwenye miteremko iliyolowa mvua, ndicho kitu kisichofaa kurejewa mapema. Madaktari kwa desturi hushauri miezi mitatu bila mizigo mizito wala tendo la ndoa, na waajiri pamoja na waume wanapaswa kuelezwa hivyo na hospitali, si kuachiwa mgonjwa ajitetee.

Mama aliyetibiwa aombe nakala ya maelezo ya upasuaji na kuihifadhi. Akishika mimba tena, aipeleke kliniki katika ziara ya kwanza, kwani kwa kawaida atahitaji kujifungulia hospitalini kwa upasuaji, na daktari atakayempasua anahitaji kujua mapema mahali kibofu kiliposhonwa.