Kabondo-Dianda: Foto nzuri ya uso haiombi studio, mlango wa nyumba unatosha

Ku Kabondo-Dianda, kwenye njia ya reli kati ya Bukama na Kamina, jimboni Haut-Lomami, foto ya uso si mchezo. Inaombwa kwa karatasi za masomo na za kazi. Na siku ya kilio, ndiyo familia inatafuta kuweka mbele ya watu. Mara nyingi inapatikana moja tu, iliyopigwa usiku kwa flashi ya telefone: paji la uso linameta, macho ni mekundu, nyuma ni giza.

Wengi wanafikiri kinachokosekana ni pesa za kununua taa. Lakini Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alipiga foto nyingi uani, kwa mwanga wa mchana. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake. Leo foto hizo zinaonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani.

Katika nyumba za matofali zenye madirisha madogo, mlango ndio taa kubwa. Unachaguliwa ule ambao jua haliingii moja kwa moja. Mtu anakaa ndani, karibu mita moja na mlango, mwili ukielekea pembeni kidogo, ili upande mmoja wa uso upate mwanga zaidi. Upande wenye giza, mwenzake anashika shuka jeupe au karatasi nyeupe, na mwanga unarudi usoni. Mpiga foto asisimame katikati ya mlango, maana atauziba.

Jua likiingia, shuka jeupe jepesi linatundikwa mlangoni na kulainisha mwanga. Wakati wa mvua, mawingu yanafanya kazi hiyo bure. Saa sita ya mchana, nje, jua likiwa utosini, macho yanazama katika kivuli. Heri asubuhi au jioni. Tena udongo mwekundu unapaka uso rangi yake: shuka jeupe likitandikwa chini, rangi inatulia.

Usiku, taa ya umeme wa jua isielekezwe usoni. Ikigeuzwa kwenye ukuta mweupe ulio karibu, ukuta wote unakuwa taa. Taa za rangi mbalimbali zisichanganywe.

Kuna jambo lingine ambalo si kosa la mpigwa foto. Kwa miaka mingi, maabara za foto za rangi zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa “Shirley”, na ngozi nyeusi ikatoka bila sura. Telefone nayo inaweza kukosea: ikiona ukuta mweupe nyuma, inatia uso giza. Dawa ni kugusa uso kwenye kioo kabla ya kupiga, kisha kuongeza au kupunguza mwanga. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga mpana wa pembeni, si kwa flashi ya mbele.

Hesabu yake ni ndogo: shuka moja, mlango mmoja, asubuhi moja. Mwenye mzee nyumbani asingoje siku ya kilio ili aanze kutafuta foto yake.